Mtu wa Wino Huosha Mwisho

Kabla hamjaniuliza, vijana wangu, huu weusi ulio kwenye kucha zangu si uchafu. Cucu yenu, mke wangu, ameusugua kwa ndimu, kwa majivu, hata kwa jiwe la mtoni, mpaka akachoka akasema nitazikwa nao. Ni wino. Mimi nilistaafu zamani, na mashine niliyoendesha iliuzwa kama vyuma chakavu, lakini wino umekataa kustaafu.

Nasikia siku hizi mnabonyeza kitufe Karatina na kitabu kinatoka kimekunjwa, kimetiwa gundi, kina joto kama mkate. Vizuri. Siwaonei wivu, ama nawaonea kidogo tu, hasa miguuni, maana miguu yangu ilisimama mbele ya mashine ile mpaka ikasahau kukaa. Lakini keti hapo, wewe wa simu iweke mfukoni, niwaambie juu ya karai moja na beseni moja. Kazi ya kuchapa ina mambo mengi, na mengi niliyajifunza nikinawa mikono.

Kiwanda chetu kilikuwa Nyeri mjini, nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye dirisha moja kubwa. Hii ni miaka ya sabini, wakati kila mtu aliyejua kusoma alitaka jina lake lichapwe mahali. Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Gichuki, mtu mfupi, mkarimu wa maneno na bahili wa karatasi. Kariuki alipanga herufi za risasi, moja moja, kichwa chini miguu juu, na alizisoma hivyo upesi kuliko nyinyi mnavyosoma zikiwa wima. Mama Wairimu alikunja kurasa, akazishona na kuzipaka gundi. Mimi, Ndirangu, nilikuwa mtu wa mashine.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Wairimu, ingawa mashine yenyewe hakuigusa hata siku moja. Alisema ina masikio na haimpendi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya bonde, na akikufundisha kitu, jirani pia walijifunza.

"Ndirangu! Hiyo karatasi umeisikiza?"

"Nisikize karatasi, Mama?"

"Ati nisikize! Ishike kwa pembe, uitikise. Ikilia kama bati, chapa. Ikinyamaza, imekunywa ukungu. Wacha ilale karibu na jiko mpaka ipate sauti."

Mnacheka, lakini Julai ya Nyeri mnaijua. Ukungu unashuka kutoka mlimani na kuingia mpaka kwenye mifuko ya suruali. Wino nao unakuwa mgumu kama ugali wa jana. Dawa yake ni kuweka mkebe wa wino kando ya jiko. Kando, si juu! Asubuhi moja Kariuki alitaka kunisaidia, akauweka juu, akaenda kununua mandazi. Wino ulifura kama maziwa ukamwagikia makaa, na moshi uliotoka humo uliwafanya watu wa soko waje na ndoo. Bwana Gichuki alilia machozi ya kweli, na hatukujua kama ni moshi ama ni bei ya wino.

Sasa karai. Maji tuliyachota kwenye mfereji wa soko, penye foleni, kwa hiyo ya kunawa saa ya chakula yalikuwa karai moja, basi. Kulikuwa na unga wa mbao wa kusugulia, mafuta taa kidogo kwa wenye wino, na sabuni ya mche. Na kulikuwa na sheria. Bwana Gichuki alinawa kwanza kwa sababu kiwanda ni chake, ingawa mikono yake ilikuwa haijashika kitu zaidi ya kalamu. Akafuata Kariuki, maana risasi ni sumu na mtu asile nayo. Kisha Mama Wairimu na gundi yake. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Mtu wa wino huosha mwisho," Mama Wairimu aliniambia siku yangu ya kwanza. "Ukianza wewe, nani ataosha baada yako?"

Ilikuwa kweli. Nikiingiza mikono yangu, maji yalikuwa meusi ti. Kwa hiyo miaka yote ile nilinawa maji yaliyopitia kwa watu wengine wote, na sikuona neno. Njaa haiulizi maji yametoka wapi.

Sheria nyingine ilikuwa ya Bwana Gichuki mwenyewe, na ndiyo iliyotuletea matata. Mashine ikiamka haichapi vizuri mara moja. Shuka za kwanza, zile karatasi kubwa za mashine, zinatoka zimefifia, ama zina madoa, mpaka wino ushike rola sawasawa. Sasa hutaipasha moto kwa karatasi mpya, utafilisika. Unatumia zile zilizoharibika za kazi iliyopita, unazigeuza, unachapa nyuma, halafu unatupa. Lakini kwa Bwana Gichuki neno "tupa" lilikuwa tusi. Alipita kwenye jalala akichagua. "Hii imetoka vizuri! Hii nayo ina kosa gani?"

Ndivyo bwana harusi mmoja alivyopelekewa kadi za mwaliko, nzuri, zenye maua, na nyuma ya baadhi yazo kukawa na ratiba ya mazishi ya mzee wa watu. Mbele umealikwa kusherehekea, nyuma unaambiwa mwili utaondoka hospitali saa tatu. Mama wa bibi harusi alikuja na mwavuli. Hakukuwa na mvua. Bwana Gichuki alijificha nyuma ya marobota ya karatasi, na Mama Wairimu akamwonyesha mama yule alipojificha. Kesho yake alianza tena kuokota.

Basi siku moja akaja Mwalimu Nyambura. Alifundisha sekondari kule Naro Moru. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta ya kijani na miwani, na kicheko chake kilifika mlangoni kabla yake. Chini ya kwapa alibeba mkoba wa plastiki, na ndani mlikuwa na riwaya aliyoiandika kwa mkono wake, miaka, baada ya kusahihisha vitabu vya watoto. Wachapishaji wakubwa wa Nairobi walikuwa wamemwambia hadithi ni nzuri lakini haina soko. Kwa hiyo alikuja kwetu, watu wa kadi za harusi, na kama sisi tungemkataa hapakuwa na pengine.

Riwaya yenyewe ilikuwa juu ya karani wa ghala la dawa katika mji wa kubuni. Mtu mzuri, mtu wa kanisa, anaimba sauti ya tatu. Siku moja anakubali soda kutoka kwa mtu anayetaka kupita mbele ya foleni. Soda tu! Halafu blanketi. Halafu anafumba jicho moja, halafu yote mawili, na kila hatua ni ndogo, na kila mtu karibu naye amepata kitu kidogo, mpaka siku mtoto wake mwenyewe anaugua na dawa haipo ghalani. Kariuki alipokuwa akipanga herufi za sura ile, alisimama akatoka nje kuvuta hewa. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Lakini jina ndilo lilitushinda. Kitabu kiliitwa *Beseni la Mfalme*.

"Mwalimu," Mama Wairimu akauliza, "hii ni ya kufua ama ni ya kupika?"

Mwalimu Nyambura alicheka mpaka akavua miwani. Akatueleza kwamba jina amelitoa kwenye tamthilia moja ya kale sana, ya ng'ambo, watu walikuwa wakiiigiza kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Aliisoma chuoni, na tangu siku hiyo beseni lile halikumtoka kichwani. Mama Wairimu akasema bado hajaelewa. "Basi tuigize," akasema Mwalimu.

Ngai! Mngetuona. Bwana Gichuki alitoka ofisini kutukemea tunapoteza wakati, na kabla hajafungua mdomo alikuwa ameketishwa juu ya robota la karatasi na kuvikwa taji la gazeti. Alilipenda lile taji jamani. Kariuki alifanywa waziri. Mama Wairimu alikataa kuwa malkia, akasema anataka kuwa jemadari wa jeshi ama arudi kwa gundi yake. Karai letu likawa beseni la dhahabu.

"Na mtumishi wa mwisho?" Mwalimu akauliza.

"Ndirangu," wakajibu wote. "Yeye tayari yuko mwisho."

Hadithi ya tamthilia ni hii. Mfalme ameuza nafaka ya mji kwa siri, na watu wana njaa. Ili kuwatuliza anawaita wote karamuni. Lakini ana sharti moja, kwamba kila atakayekula anawe kwanza katika beseni lake, maji yale yale. Mfalme ananawa, na maji yanabadilika rangi. Waziri anaona, ananyamaza, ananawa. Jemadari anaona, ananyamaza, ananawa. Linapita hivyo meza nzima. Kila mtu anaingiza mikono ili aonekane msafi mbele ya mfalme, na kila mmoja anaitoa ikiwa michafu kuliko ilivyoingia. Mpaka linamfikia mtumishi wa mwisho, ametoka shambani, mikono imejaa vumbi, tumbo tupu. Anayaangalia yale maji. Kisha anaweka beseni chini na kusema maneno matatu tu: "Afadhali vumbi langu."

Nilisema maneno yale nikiwa na wino mpaka viwiko, na watu wakapiga makofi. Bwana Gichuki, bado ana taji, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo mtumishi, walimpa chakula?"

"Hawakumpa," Mwalimu akasema.

"Haiya," akasema Bwana Gichuki, akarudi ofisini kwake.

Tangu siku hiyo ikawa mzaha wetu. Kariuki akipewa chai isiyo na sukari, "Afadhali vumbi langu!" Tulikuwa na furaha kwenye kazi ile, nawaambia kweli. Mnaweza kuchapa maisha yenu yote na msipate hata mara moja kitabu ambacho kila aliyekishika amekipenda.

Wakati huo huo ulikuwa msimu wa uchaguzi katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mwenyekiti alitaka kurudi kitini, na njia yake ya kuomba kura ilikuwa kumpa kila mwanachama beseni la plastiki, jekundu, kubwa. Mlima wote ulikuwa mwekundu wa mabeseni. Kina mama walirudi nayo kichwani kutoka mikutanoni wakiimba. Mabango yake tulichapa sisi. Picha yake, tabasamu, na chini yake ahadi.

Nafikiri mmeanza kuona. Nilipasha mashine moto kwa shuka zilizoharibika za kitabu cha Mwalimu, tulizojaribia ukurasa wa kwanza, wenye jina kwa herufi kubwa na mchoro wa beseni. Nikazitupa jalalani kama kawaida. Idadi ya mabango ikapungua kidogo, na Bwana Gichuki, badala ya kuniambia niongeze, akaenda jalalani, akachagua zile ambazo uso wa Mwenyekiti ulikuwa umetoka vizuri. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu, "Bango hubandikwa ukutani, Ndirangu! Nani ataona nyuma?"

Moja halikubandikwa ukutani. Lilibandikwa kwenye kioo cha dirisha la hoteli ya chai, Karatina, siku ya soko. Nje, Mwenyekiti anatabasamu. Ndani, watu wanakunywa chai na jua linapiga kutoka mgongoni mwa bango, na wanasoma: BESENI LA MFALME, na picha ya beseni yenyewe! Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kufikia jioni watu walikuwa wanaulizana njiani, "Wewe umeshapewa la mfalme?"

Sasa kumbukeni, Mwalimu Nyambura alikuwa hamjui hata kwa sura yule Mwenyekiti. Alikuwa ameandika juu ya karani wa dawa. Lakini ukirusha jiwe gizani na mtu akalia, ujue limempata.

Mwenyekiti alikuja kiwandani na gari lake, amevaa koti refu, na bango limekunjwa mkononi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Gichuki, huyu mfalme ni nani?"

"Ni hadithi tu, Mwenyekiti. Ya karani wa dawa."

"Karani wa dawa na beseni, wapi na wapi?"

Bwana Gichuki akajaribu kueleza tamthilia, akachanganya jemadari na malkia, na mwisho akajikuta ameeleza vizuri kabisa jinsi mfalme anavyogawia watu uchafu wake. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pole pole kwamba yeye si mtu wa ubaya. Kitabu kichapwe, ni kazi ya mtoto wa wenyewe. Ila jina libadilishwe, na ule mchoro utoke. Akapendekeza hata jina, *Baraka za Kahawa*. Na kama hilo litafanyika, kazi zote za chama za kuchapa, kadi, risiti, kalenda, zitakuwa zetu mwaka hadi mwaka.

"Ijumaa nitaleta mbuzi," akasema. "Tutanawa mikono, tutakula pamoja, na hiyo maneno itaisha. Mwambie na mwalimu akuje."

Nyinyi vijana mnaona mbuzi ni nyama. Kwetu mbuzi ni neno. Mbuzi akishaliwa, mlilokubaliana limefungwa, na mtu aliyekula hawezi kesho kusema hakukubali. Kwa hiyo Bwana Gichuki alijua, na sisi sote tulijua, kwamba Ijumaa hiyo mikono ikishanawa, kitabu cha Mwalimu kimepata jina lingine.

Sitaki mumhukumu Bwana Gichuki. Paa lilikuwa linavuja juu ya karatasi. Rola za mashine zilikuwa zimezeeka mpaka nikizipaka wino nazibembeleza kama mgonjwa. Kazi za chama zingetuokoa sote, na mimi nilikuwa na watoto watatu wanaokula kama nzige. Niliogopa. Nilimpenda Mwalimu kama dada yangu, na niliogopa vile vile.

Mwalimu alipokuja, Bwana Gichuki alimpa kiti, akampa chai, akamweleza yote. "Ni jina tu, Mwalimu. Kitabu ni ile ile."

Mwalimu Nyambura hakucheka siku hiyo. "Bwana Gichuki, binti yako wa kwanza anaitwa nani?"

"Amechukua jina la mama yangu. Wanjiku."

"Jirani akikuja akuambie umbadilishe, ili yeye alale vizuri, utambadilisha?"

Jina la mama yake mzazi! Hilo halijadiliwi katika nchi hii.

"Hii kitabu nilipatia jina kabla niandike sura ya kwanza," Mwalimu akaendelea. "Ukiitoa, inabaki hadithi ya mwizi mmoja. Mimi sikuandika mwizi mmoja. Niliandika meza nzima. Kama haiwezekani, nirudishie karatasi zangu, nitarudi nazo Naro Moru. Sitakuchukia."

"Ngoja Ijumaa," Bwana Gichuki akasema, akiangalia sakafu.

Alipoondoka, Mama Wairimu aliinuka kutoka kwenye gundi yake. "Mimi hiyo *Baraka za Kahawa* sitashona. Nimekuambia mapema. Tafuta mwenye sindano ingine." Na Bwana Gichuki, ambaye kwa kawaida alijibizana naye mpaka jioni, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Ijumaa ikafika. Watu wa Mwenyekiti walichoma mbuzi hapo uani tangu asubuhi, na ile harufu, jamani, ilikuwa inaingia kiwandani na kutushika mashati. Mimi nilikuwa mashineni nikimalizia kurasa za mwisho za kitabu, na ule ukurasa wa jina bado unangoja. Mwalimu Nyambura alikuwa amekaa kwenye kona, sweta yake ya kijani imefungwa vifungo vyote.

Mwenyekiti akaingia akitabasamu kama kwenye bango. Nyuma yake kijana wake amebeba beseni jekundu, jipya, ndani mna sabuni ya kunukia na taulo nyeupe.

"Hiyo karai yenu mzee mtupe," akasema. "Nimewaletea kitu kizuri. Haya, tunawe tukule."

Bwana Gichuki akamimina maji yote ya siku ile katika beseni jekundu. Aliyamimina polepole mno, nikafikiri anayapima. Mwenyekiti akaanza kukunja mikono ya koti. Yeye ndiye mgeni, yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kwanza. Kariuki akajipanga nyuma, kwa mazoea tu. Mama Wairimu alisimama mbali amekunja mikono kifuani.

"Ngoja kidogo, Mwenyekiti," Bwana Gichuki akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Hapa kwetu kuna utaratibu. Ndirangu, kuja unawe."

Nilifikiri amechanganyikiwa. "Mimi, Bwana? Mtu wa wino..."

"Leo unaanza."

Nikamwangalia Mama Wairimu, maana sheria ile aliniwekea yeye. Aliniangalia, akamwangalia Bwana Gichuki, na nikaona uso wake unafunguka. Akatikisa kichwa, ndiyo, nenda.

Nikaenda. Niliingiza mikono mpaka viwiko. Sikuwa na mafuta taa, sikuwa na unga wa mbao, nilikuwa na ile sabuni ya kunukia tu, na haikufua dafu. Wino ulitoka ukaenea. Nilipotoa mikono, ungedhani beseni limejaa lami.

"Sasa karibu, Mwenyekiti," Bwana Gichuki akasema, akalishika beseni kwa mikono yote miwili na kumpelekea. "Nawa, tukule."

Mwenyekiti akayaangalia maji. "Gichuki, unanipa uchafu?"

"Ni wino tu."

"Mimi siwezi kunawa hiyo maji!"

"Ya Ndirangu iko na wino peke yake," Bwana Gichuki akasema, akisogea hatua moja mbele na beseni, matone meusi yakimwagika kwenye viatu vyake vizuri. "Ni kazi yake, haijamdhuru mtu. Na umeikataa. Yako mimi sijui iko na nini, na ulitaka sisi wote tunawe."

Huko uani mafuta ya mbuzi yalikuwa yanalia kwenye makaa. Halafu kutoka nyuma, kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, ikatoka sauti ya jemadari wetu:

"AFADHALI VUMBI LANGU!"

Kariuki alishindwa kujizuia, akacheka. Nami nikacheka. Mwalimu Nyambura alikuwa analia na kucheka pamoja, miwani mkononi. Mwenyekiti alikunjua mikono ya koti lake, kifungo baada ya kifungo, akaingia garini na watu wake. Kwa hasira ile alisahau mbuzi.

Sasa hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Mbuzi mzima, ameiva, na mwenyewe ameondoka! Nikasema labda, kwa kuwa hatukunawa pamoja, si kweli kwamba tumekubali, kwa hiyo tukila kidogo tu, kipande cha ubavu...

"Ndirangu!" Mama Wairimu akasema.

Tuliita mkokoteni. Bwana Gichuki, yule bahili asiyetupa karatasi, alisimamia mwenyewe. "Rudisheni yote. Hata figo." Ile figo, wajukuu wangu, niliiona machoni mwaka mzima. Tulikula githeri ya Mama Wairimu, mahindi na maharagwe, baridi, na mikono yangu ikiwa bado na wino, maana maji yalikuwa yamekwisha.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikuwa mteremko baada ya hapo. Kazi za chama zilienda kwa wengine, na Mwenyekiti alishinda uchaguzi, beseni ni beseni. Tulipita miezi mibaya tukichapa ratiba za kanisa na kadi za harusi, nami nikizikagua nyuma mara mbili. Paa liliendelea kuvuja. Lakini Bwana Gichuki aliacha kuokota kwenye jalala. Na kitabu kilisomwa. Walimu walikipitisha shule kwa shule, kikafika Kangari kwenye majani chai, kikafika kwa madereva wa malori Kenol, wakawa wanakisoma wakingoja mzigo. Cheo cha Mwenyekiti kiliisha kama vyeo vyote, mabeseni yakapasuka, na kitabu kiko mpaka leo na jina lake.

Lile jekundu alilotuachia liko hapo nje. Kuku wananywea.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki mkikumbuke huko Karatina mkibonyeza vitufe vyenu. Kulikuwa na desturi kwetu kwamba nakala ya kwanza ya kitabu mtu wa mashine ndiye humkabidhi mwandishi, na humkabidhi akiwa amenawa. Mama Wairimu alipomaliza kushona ile ya kwanza, gundi haijakauka vizuri, Mwalimu Nyambura alikuwa amesimama pale mlangoni tangu asubuhi, ametoka Naro Moru na baridi yote. Nilikuwa nimetoka kuchapa. Nikamwambia anisubiri, nikageuka nikimbilie karai letu la zamani.

Akanishika mkono, wino na yote.

"Wacha, Ndirangu," akasema. "Maji ya nini?"

Basi nikampa hivyo hivyo. Alama ya kidole gumba changu ilibaki kwenye ukurasa wa kwanza, nyeusi, chini kidogo ya jina la kitabu, na hakuruhusu mtu yeyote aifute.